Mashahidi wa Mwezi

Mtoni, Temeke
Jumapili, 4 Januari

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu unaikata. Mwezi uliopita nilikupigia mara tatu, na kila nikilitaja neno "Mtoni" nasikia simu imekufa. Barua huwezi kuikata. Kuichana unaweza, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Habari yenyewe ni hii: nimeposwa. Usicheke. Nina miaka arobaini na tisa, nimefiwa na mume miaka sita sasa, na nilishazoea kuzungumza na cherehani yangu. Aliyenichumbia ni Khalfani, jirani yetu wa siku zote, huyo huyo mwenye kirikuu cha kusambazia unga aliyekuletea bahasha hii. Nadhani hivi sasa amesimama nje kwako anajifanya anakagua tairi. Nikah ni Jumapili ya tarehe nane Februari, saa nne asubuhi, msikitini kwetu, kabla Ramadhani haijaingia.

Baba hayupo. Mtu wa kuniozesha ni wewe, na hapo ndipo nilipokwama. Juzi dukani nilikutana na Mzee Mwinyikondo, katibu wa msikiti. Nikamwambia kaka yangu atakuja kutoka Kinyerezi kuwa walii wangu. Akaniambia mbele za watu, "Huyo si ndiye aliyetoa ushahidi wa uongo wa mwezi? Walii anatakiwa awe mwaminifu, Bi Tunu." Nikamwambia asiseme asilolijua, nikaondoka na kilo zangu mbili za mchele. Miaka kumi na tatu imepita na bado wanakuita Mwinjuma Mwezi.

Mie nakumbuka hivi, unisahihishe nikikosea. Ramadhani ilikuwa ishirini na tisa. Wanaume mlipanda juu ya paa la msikiti, sie tuko chini uani tunasubiri. Baba, aliyeutafutia mtaa mzima mwezi kwa miaka thelathini, akasema ameuona. Shehe akapokea kauli yake, tukapika. Asubuhi tumevaa nguo mpya, tunatoka, kumbe Dar nzima imefunga. Watu wakaja juu. Kabla baba hajafungua mdomo ukasimama wewe ukasema, "Mie ndiye niliyemwonyesha. Niliuona kwanza mie." Lawama zote zikakuangukia, ukahama, na hukurudi tena.

Na kama kweli uliuona? Macho yako yalikuwa mazuri. Sasa sikiliza. Kinondoni wamefungua jumba la nyota, mahali palipokuwa ukumbi wa harusi. Unakaa ndani, wanakuonyesha anga lote darini kwa mashine. Salma, binti wa jirani, alipelekwa na shule, anasema unaweza kuomba anga la siku yoyote, hata siku uliyozaliwa. Twende wote tukaombe la jioni ile. Ikiwa mwezi ulikuwepo, Mzee Mwinyikondo nitamburuta mpaka Kinondoni akauone mwenyewe.

Nijibu haraka. Silali vizuri.

Mdogo wako,
Tunu

*

Kinyerezi
Jumatano, 7 Januari

Mdogo wangu Tunu,

Marahaba. Hongera. Khalfani ni mtu mzuri, ingawa kirikuu chake kinahitaji klachi mpya na nimemwambia hivyo.

Sicheki. Nimefurahi kwa ajili yako, nakuambia kabisa. Lakini Mtoni siji. Nimekuandikia karatasi, imo humo kwenye bahasha, ya kumpa Shehe uwakala wa kukuozesha kwa niaba yangu. Nimeweka sahihi na mashahidi wawili wa hapa. Sheria inaruhusu. Ndoa itakuwa halali, na Mzee Mwinyikondo hatakuwa na la kusema.

Huko Kinondoni usiende. Mie natengeneza pampu za maji, najua mashine: inakupa kile ulichoitia ndani. Utapoteza siku nzima ya kazi kwenda kutazama taa za rangi kwenye turubai na watoto wa shule wanapiga kelele. Haina maana yoyote, Tunu. Jambo lilishapita. Baba amelala, muache alale.

Na usinikumbushe jioni ile, naikumbuka. Nakumbuka pia siku ya maziko, nilipokuja moja kwa moja makaburini, ukanifuata mpaka barabarani ukaniambia nimemuua baba kwa aibu. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba nimelisikia kila siku tangu hapo.

Shona nguo yako ya harusi. Usiende.

Kaka yako,
Mwinjuma

*

Mtoni
Jumamosi, 17 Januari

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Nilikwenda. Ungejua tu kwamba ukiniambia usiende, nakwenda.

Nikupe habari kamili, maana wewe unapenda kujua kama kitu kinafaa au hakifai. Nje wamepaka rangi ya buluu na nyota za njano ambazo hata mtoto angechora vizuri zaidi. Mlangoni nilivua viatu, nikijua penye zulia watu huvua, nikaambiwa nivae, hapa si msikiti. Ndani baridi kali. Viti vinalala nyuma, changu kiligoma kulala, nikatazama anga shingo imepinda saa nzima. Mbele yangu darasa zima la watoto, mmoja anauliza choo kiko wapi kila baada ya dakika mbili.

Mwenye kuonyesha anaitwa Revelian, mtu wa Bukoba, alikuwa mwalimu wa jiografia. Anaipenda kazi yake, hilo siwezi kumnyima. Alizima taa, akatuonyesha Zuhura, Mshtarii, Zohali na pete zake. Watoto wakanyamaza kimya, hata yule wa choo. Nilimwuliza Kilimia kiko wapi, kile kishada cha nyota alichokuwa akituonyesha baba uani kwetu. Alikijua kwa jina la vitabuni, akafurahi nilipomwambia la kwetu, akaliandika kwenye daftari lake.

Nyota nzuri, lakini hazipepesi. Zimekaa tu, kama vifungo vya shati. Nyota za kweli huwa zinahangaika kidogo, ndiyo maana unaziamini. Mie nikatoka pale kichwa kinauma, nikakaa kituoni nusu saa bila kupanda gari lolote.

Kwa hiyo, kama unaniuliza, hapafai. Kwa watoto labda. Kwa mtu mzima ni kupoteza nauli. Kuhusu lile jambo letu, mashine yao hairudi nyuma miaka mingi hivyo, Salma alikosea. Basi tuliache.

Nimeisoma tena karatasi yako ya uwakala. Nadhani inatosha. Shehe ameipokea. Kinyerezi ni mbali na wewe una kazi nyingi, na sitaki upate usumbufu. Usije.

Nguo nimeikata, sijaishona. Kila nikikaa kwenye mashine nasimama tena.

Tunu

*

Kinyerezi
Jumapili, 25 Januari

Tunu,

Khalfani alinipa barua yako akasema, "Sijui umemwandikia nini dada yako, siku hizi haongei." Nikaisoma nimesimama. Wiki tatu zilizopita ulikuwa tayari kumburuta katibu mpaka Kinondoni. Sasa unaniambia nisije, nisipate usumbufu. Wewe hujawahi kuogopa kunisumbua tangu ulipoota meno.

Jana nilifunga banda, nikaenda Kinondoni mwenyewe.

Ulinificha mengi. Hukuniambia kwamba wana sehemu ya nje yenye saa ya jua, kitu safi sana, kimetengenezwa na fundi anayejua kazi. Nilikaa hapo kwanza nikijipa moyo. Halafu nikaingia kwa yule Revelian, watu walipokwisha kutoka, nikampa tarehe kwenye kikaratasi. Akaitazama akasema, "Ajabu, tarehe hii nimeshaionyesha. Alikuja mama mmoja wa Temeke. Nilimwonyesha, akalia, nikadhani nimemkosea kitu."

Basi na mie nikaonyeshwa. Akaweka Temeke, akaweka saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua linashuka. Mwezi hakuna. Akanieleza kwa upole kama alivyokueleza wewe, kwamba siku hiyo mwezi ulitangulia kuzama kabla ya jua, na kwamba hakuna jicho la mwanadamu ambalo lingeuona. Nadhani ulitoka pale ukisema: kumbe kweli, kaka yangu ni mwongo, nilisimama dukani nikamtetea mwongo.

Na ni kweli. Mie ni mwongo. Sikuuona mwezi, Tunu. Sikuona kitu chochote.

Sasa nitakuambia, kwa sababu umenikataa kuwa walii wako kwa adabu, na ile adabu yako imeniuma kuliko ungenitukana. Tulikuwa juu ya paa. Baba akanyoosha kidole akasema, "Ule pale." Nikatazama kidole chake. Kilikuwa kinaelekea kwenye wingu zito, jeusi, hata taa ya gari usingeiona ndani yake. Nikamtazama usoni. Alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba haoni. Mwaka ule wote alikuwa akinishika bega tukienda msikitini, mie nikidhani ni mapenzi tu. Kumbe macho yalishakwisha, na hakumwambia mtu, kwa sababu mtafuta mwezi asiyeona ni nani tena? Akaniuliza mbele ya wote, "Umeuona, mwanangu?"

Ungejibu nini? Niambie, wewe mwenye mdomo. Ungemwambia mzee wako mbele ya mtaa mzima, "Baba, wewe ni kipofu"? Nikasema, "Nimeuona, baba."

Kesho yake walipomjia juu, nikasimama. Hakunituma. Lakini pia hakunikatalia. Alitazama kule sauti yangu ilikotoka, akanyamaza, na akaendelea kunyamaza mpaka alipokufa. Hilo ndilo lililonitoa Mtoni. Si watoto wa mtaani na jina lao la Mwezi.

Sasa unajua. Usimwambie mtu.

Mwinjuma

*

Mtoni
Jumanne, 27 Januari

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilikukasirikia wewe, mara ya pili baba, mara ya tatu nilijikasirikia mwenyewe, na ya nne sikuweza kuimaliza.

Kila Alhamisi miaka yote hii nimekuwa nikienda kaburini kwa baba kumwomba akusamehe. Unaelewa? Nimesimama pale nikimbembeleza yeye akusamehe wewe.

Nilikuambia umemuua. Uliweka neno hilo kifuani ukaondoka nalo hadi Kinyerezi, ilhali ungenijibu kwa sentensi moja. Nisamehe. Siandiki hili kwa mapambo, naliandika nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu meza imejaa vitambaa na kwa sababu ndivyo ninavyotaka kuliandika.

Lakini nakuambia pia kwamba sinyamazi. Ijumaa ijayo baada ya swala nitasimama nyuma ya pazia la wanawake, niseme kwa sauti kwamba baba yetu, Mzee Pazi, alikuwa haoni na mwanawe alimbebea mzigo. Wakitaka kunipiga wanipige. Nampenda baba, nawe unajua ninavyompenda. Ila wewe uko hai.

Tunu

*

Kinyerezi
Alhamisi, 29 Januari

Tunu,

Ukisema, sikuozeshi. Si mie, si kwa uwakala. Nitaichana karatasi niliyompa Shehe, na unajua naweza.

Baba hawezi kusimama kujibu. Mtu asiyeweza kujibu hasemwi. Hilo tulifundishwa na yeye.

Nimefikiri sana. Tangu nitoke kule Kinondoni situlii. Nafungua pampu, nasahau kwa nini nimeifungua. Nimeona kuna kitu kimoja ninachoweza kusema ambacho ni kweli tupu, na ambacho sijakisema kamwe. Ijumaa ya tarehe sita nitakuja kuswali Mtoni. Nitasema la kwangu tu: kwamba nilidai nimeuona mwezi na sikuuona, na kwamba naomba radhi kwa kila aliyekula siku ile. Toba ikipita, mtu anakuwa mwaminifu tena. Wakinikubali, Jumapili nitakuozesha mwenyewe. Wakinikataa, nitakuwa nimejaribu, na karatasi ipo.

Wewe kaa nyuma ya pazia na ufunge mdomo. Ndiyo zawadi ya harusi ninayoitaka kwako.

Mwinjuma

*

Mtoni
Ijumaa, 6 Februari, jioni

Kaka yangu,

Uliondoka mapema mno. Nilimtuma Salma akukimbilie nje, akarudi akasema umeshapanda bodaboda. Simu umezima. Kwa hiyo naandika, na safari hii barua anaileta Salma na mama yake, utajua kwa nini.

Nilifunga mdomo kama ulivyotaka. Nililiuma pindo la mtandio wangu mpaka likalowa. Uliposema "sikuuona", nikasikia msikiti mzima umetulia, halafu nikasikia miguu yako inatoka. Najua ulidhani ukimya ule ni wa kukukataa. Hukusubiri.

Halafu mama yake Salma akachungulia pazia, akaninong'oneza kwamba Mzee Mwinyikondo amesimama. Nikajiandaa, nikasema moyoni sasa ndiyo anakumalizia. Akasema, "Mimi nilikuwa nyuma yao juu ya paa. Nilisema nimeuona. Sikuuona." Akakaa. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nisingeambiwa nisingemtambua.

Akasimama muadhini wetu wa zamani, yule mwenye maradhi ya kifua, akasema naye alisema ameuona, na naye hakuona kitu ila wingu. Kisha mwenye duka la mafuta ya taa. Kisha ndugu wawili wa nyumba ya kona, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanasema maneno machache tu na kukaa. Nilihesabu kwa vidole kwenye giza la pazia: watu watano. Wote walikuwa wamelinyanyulia uso wingu lile wakasema wameuona, kwa sababu Mzee Pazi amesema ameuona, na nani angemkanusha Mzee Pazi? Kesho yake wote wakakuacha usimame peke yako. Na leo, kaka, hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la baba. Nadhani walijua siku zote kuhusu macho yake. Nadhani mtaa mzima ulijua isipokuwa mie.

Nililia, sikujificha.

Halafu akasimama wa sita. Sikuhitaji kunong'onezwa, sauti ile naijua. Khalfani. Alisema, "Na mimi. Nilikuwa mkono wa kulia wa Mwinjuma." Akakaa.

Amebeba barua zetu mwezi mzima, akisimama mlangoni kwako akitazama tairi, na alikuwepo pale juu tangu mwanzo. Baada ya swala alinisubiri getini. Alisema alitaka kuniambia tangu siku ya barua ya kwanza, akaogopa nitamwacha. Nikamwambia kunyamaza kwake kumekugharimu miaka kumi na tatu. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo." Nimerudi nyumbani nikaimalizia nguo, nikaitundika, na sijui bado kama nitaivaa.

Shehe amesema kwa mdomo wake kwamba walii wangu ni wewe na hamtambui mwingine. Karatasi ya uwakala amenirudishia, imo humo ndani, ichane ukipenda.

Jumapili saa nne. Ni wewe utakayemshika mkono mtu huyu na kumwambia unanioza kwake, au utakayekataa kuushika. Mie kwa upande wangu bado nampenda, nakuambia usije ukadhani vingine. Lakini deni lake ni kwako, si kwangu, na siwezi kulisamehe kwa niaba yako. Njoo mapema, umtazame usoni kwanza. Utakalolifanya, mie nitakuwa nimekaa nyuma ya pazia nimevaa nguo yangu.

Mdogo wako,
Tunu binti Pazi